Habari ya zamani ya mtaa wenu: uitafute kituoni, ng'ambo, mtandaoni au kabatini kwa shangazi?

Mwaka jana kamati ya wahitimu wa shule moja ya msingi upande wa Temeke ilinipa kazi iliyoonekana nyepesi. Walitaka filamu ya dakika 20 ya kuonyesha ukumbini siku ya kumbukumbu ya shule, na ndani yake iwemo ile taarifa ya habari ya mwaka 1996 iliyoonyesha kisima cha shule kikizinduliwa. Kila mtu aliikumbuka. Walikuwa wamejazana kwa jirani mwenye runinga, wengine wakichungulia dirishani, na mtangazaji alipoitaja shule yao nyumba nzima ililipuka kwa kelele hata maneno yaliyofuata hayakusikika. Wa kunionyesha mkanda wenyewe hakuwepo hata mmoja.

Nilihangaika nayo miezi minne. Nilibisha hodi kila mlango ninaoujua, na mingine sikuwa naijua. Kwa mwenye kazi kama ile, ya msikiti, timu ya mtaa, soko au ukoo, naweka hapa nilivyoiona milango hiyo, huu kando ya ule. Mwenye haraka asome sentensi hii moja tu: anzia majumbani, kituoni nenda ukiwa tayari na tarehe mkononi, na mtandaoni ingia kutafuta fununu tu, usiingie kutafuta picha za kutumia.

Kwanza hesabu miaka

Watu wengi hutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Kenya ilianza runinga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi tangu mwanzo, jambo ambalo Wazanzibari hawachoki kutukumbusha, na wana haki yao. Tanzania Bara tulisubiri mpaka 1994, zilipokuja ITV, DTV na CTN. Kwa hiyo babu akikuapia kuwa alionyeshwa kwenye runinga akivuna pamba Shinyanga mwaka 1978, usimbishie, ila jua kwamba kama picha hizo zipo basi ni filamu: za kitengo cha serikali, za Tanzania Film Company iliyoundwa 1968, au za kundi la wapiga picha kutoka nje. Huko ni kutafuta kwa namna nyingine kabisa.

Mwaka unakuambia pia utarajie chombo gani. Habari za miaka ya 1960 na sehemu kubwa ya 1970 zilipigwa kwa filamu ya milimita 16, na mara nyingi filamu hiyo haikuwa na sauti. Mtangazaji alisoma maelezo papo hapo studio, picha zikipita. Ukiipata ikiwa bubu usidhani imeharibika. Baadaye ikaja mikanda ya U-matic ya Sony, minene kama kitabu cha tenzi, kisha Betacam SP kuanzia 1986, na katikati ya miaka ya 1990 kaseti ndogo za MiniDV na ndugu zake. Majumbani, karibu kila mahali, ni VHS, zile kaseti za deki ya video.

Kituo na kabati

Ushindani wa kweli uko kati ya milango hii miwili, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kituo kina kila sababu ya kuwa mahali pa kwanza. Ndicho kilichotuma mpiga picha, ndicho kilichohariri, na jengo lake unalijua. Tatizo ni kwamba mkanda ulikuwa ghali, na habari ya kisima cha shule ikishasomwa saa mbili usiku haikuwa na kazi tena asubuhi. Mkanda ule ule ulirudi kwenye kamera. Hilo halikuwa la kwetu peke yetu. Hata BBC ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ili itumie tena mikanda. Kilichobakizwa ni hotuba, ziara, misiba ya kitaifa na fainali za mpira. Habari ya mama anayelalamikia bei ya mchicha ndiyo ilikuwa ya kwanza kufutwa.

Nilipeleka barua kwenye kituo kilichorusha habari yetu. Sitakitaja, maana walionipokea hawakuwepo 1996 na hawana kosa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi mpaka mtu wa maktaba akatoka. Akanitolea daftari la zamani la jalada gumu, kona zimeliwa na mende, na mle ndani, kwa kalamu ya bluu, uko mstari mmoja: tarehe, "kisima shule Temeke", dakika 1 sekunde 40, namba ya mkanda. Moyo ulinidunda. Tukaenda kwenye rafu, mkanda upo, tukauweka kwenye mashine: mechi ya ligi ya mwaka 1999, kipindi cha pili.

Pale ndipo wengi wanapokata tamaa, na mimi nilikuwa nimeshanyanyua mkoba. Yule bwana ndiye aliyesema, "Subiri, tuangalie picha za akiba." Vituo vingi huwa na mikanda ya picha za jumla iliyopangwa kwa mada: maji, shule, foleni, mvua, soko la samaki. Habari ikihitaji picha ya mtu anateka maji, mhariri anachomoa huko. Na picha hizo zilitoka wapi? Kwenye habari za zamani kabla hazijafutwa. Kwenye mkanda ulioandikwa MAJI 2, kati ya bomba linalovuja na foleni ya ndoo mahali nisipopajua, zilikuwepo sekunde 38 za kisima chetu. Ukiuliza kituoni, basi, uliza habari yako kwa tarehe, halafu uliza mada yake kwenye picha za akiba. Swali la pili ndilo lililonipa kitu.

Kabatini nilifika kwa njia ya kuzungushwa zaidi. Niliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu, nikapata mashairi ya pole na picha tatu za maua. Nilipobadilisha swali ndipo mambo yakafunguka. Badala ya kuuliza "nani ana habari ya kisima", niliuliza: "Mwaka 1996 nyumba gani mtaani ilikuwa na deki?" Majibu yalikuja kumi kwa dakika moja, maana nyumba zenye deki zilikuwa chache na kila mtu anazijua. Ya tatu kati ya hizo ilikuwa ya shangazi wa mjumbe mmoja wa kamati. Shangazi alikuwa na mikanda 14 kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, mingi ikiwa ya harusi. Habari yetu ilikuwa kwenye mkanda wa harusi ya mwanawe, mwishoni kabisa, baada ya bibi harusi kupanda gari. Mtu fulani alibonyeza kurekodi akiwa amechelewa kidogo, akaacha kidole mpaka tangazo la sabuni.

Nikaziweka mbili hizo kando kwa kando kwenye kompyuta, na tofauti yake ndiyo inayofaa kukusaidia kuchagua.

Picha ya kituo, iliyonakiliwa kutoka Betacam, ni safi. Unaona kutu kwenye mkono wa pampu, unaona maji yanavyoruka na mtoto mmoja aliyevaa sare iliyotoboka begani akigeuka kuangalia kamera. Lakini haina maelezo. Sauti ni ya pale pale: ndoo, kuku, mtu anasema "songa, songa". Nani anapampu, nani amesimama pembeni na kofia, hujui. Tarehe haipo, wala jina la mwandishi.

Picha ya shangazi ni VHS, na VHS huonyesha mistari kama 240 tu kwa upana wa picha. Nyuso zimekuwa kama zimepakwa mafuta, rangi nyekundu inamwagika nje ya mipaka yake, na chini kabisa kuna utepe wa theluji unaotetemeka. Sekunde kumi za mwanzo hazimo kabisa. Ila ndiyo habari yenyewe kama watu walivyoiona: sauti ya mtangazaji, maandishi yenye jina la mwalimu mkuu, mahojiano ya mama mmoja anayesema zamani walikuwa wakiamka saa tisa usiku kufuata maji. Wasimamizi wa kamati walipoiona hiyo ya pili walinyamaza. Ile safi waliisifu tu.

Kwa filamu nilitumia zote mbili: sauti ya VHS, picha za Betacam pale zilipolingana. Lakini ningeambiwa nichague moja ningechukua ya shangazi bila kufikiri. Mtu anayehitaji picha nzuri za nyuma ya maelezo yake mwenyewe, kwa tangazo au makala ya maendeleo, achague kituo. Anayetaka kumbukumbu, na mama yule aongee kwa kinywa chake, achague kabati.

Gharama nazo hazifanani. Kituo kitakutoza kwa dakika au kwa sekunde kadiri ya matumizi, na bei ya filamu ya shule ni bora uipiganie kwa barua yenye mhuri wa shule. Shangazi hakuomba hela. Aliomba asafishiwe picha za harusi ya mwanawe na kuwekewa kwenye flashi, kazi iliyonichukua siku mbili. Fanya hivyo hata usipoombwa.

Usiwasahau walio mbali. Familia nyingi za Unguja na Pemba zilikuwa zikinakili mikanda na kuituma kwa ndugu Muscat au Dubai. Huko mkanda umekaa kwenye kiyoyozi miaka 25, wakati wa kwenu umekula chumvi ya pwani. Nakala ya pili ya ndugu inaweza kuwa nzima kuliko ya kwanza iliyobaki nyumbani.

Ng'ambo

Mashirika ya habari ya nje ni kinyume cha kabati kwa kila kitu. British Pathé, kampuni ya Uingereza ya filamu za habari, iliweka filamu zake 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, na sasa inasimamia pia mkusanyiko wa kihistoria wa Reuters. AP, shirika la habari la Marekani, na British Movietone walifuata mwaka 2015 na video zaidi ya 550,000. Kuangalia ni bure, kutafuta ni rahisi, na kila kipande kina karatasi ya maelezo: tarehe, mahali, nini kinaonekana picha kwa picha. Ukiona utaratibu ule baada ya kushinda na daftari lililoliwa na mende, unatamani kulia.

Shida ni kile walichokuja kupiga. Walikuja kwa ajili ya uhuru, mapinduzi, vita, njaa, wafalme na wanyama. Mohamed Amin, mpiga picha aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na baadaye kuihamishia Nairobi, alipiga mengi ya ukanda huu kuliko karibu mtu yeyote, na dunia inamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Kisima cha Temeke kisingekuwa habari London.

Hata hivyo kuna ujanja, nao ni kuangalia nyuma ya mgeni rasmi. Kwenye filamu za uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, achana na jukwaa uangalie umati: mavazi, baiskeli, mabango ya maduka. Ukitengeneza kitu kuhusu mtaa wa mjini kati, sekunde nne za barabara ambayo gari la mkubwa linapita zinaweza kuwa ndizo picha pekee za barabara hiyo enzi zile. Tafuta kwa majina ya kale na tahajia za hovyo: "Tanganyika", "Dar-es-Salaam" yenye vistari, "Mombassa" yenye s mbili.

Kununua ni habari nyingine. Bei hupangwa kwa sekunde, kwa nchi na kwa muda wa matumizi, na nakala ya kuangalia ina nembo iliyopita katikati ya picha. Kwa filamu ya shule sikuona sababu. Kwa makala itakayouzwa kwa chaneli, huenda ikawa ndiyo njia pekee iliyonyooka kisheria.

Mtandaoni

Sina mengi hapa. YouTube na Facebook zina vipande vingi vya taarifa za habari za zamani, vilivyowekwa na watu wenye mapenzi tu, Mungu awabariki. Lakini ni nakala ya nakala ya nakala, tarehe inayoonekana ni ya siku ilipopandishwa, na maelezo yameandikwa kwa kukisia. Nilikuta kipande kilichoandikwa "Dar 1985" chenye nembo ya kituo ambacho hakikuwepo kabla ya 1994. Thamani yake ni yule aliyekipandisha: mwandikie, muulize mkanda alioutoa bado anao. Mara nyingi anao, na una saa mbili zaidi ambazo hajawahi kuziweka. Na kipande ukikipenda kihifadhi jina na anwani yake siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho kinaweza kuwa kimeondolewa.

Nikitamani Texas kidogo

Nilipochoka na benchi la kituo nilikuwa nikiingia usiku kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha North Texas, Marekani. Chuo hicho kilichukua mkusanyiko wa habari wa WBAP-TV, kituo cha Fort Worth kilichoanza mwaka 1948 na ambacho leo kinaitwa KXAS. Humo wamehifadhi habari za kawaida kabisa za mji: moto, ajali, maonyesho, siku ya kwanza ya shule. Si habari kubwa hata kidogo, na ndiyo raha yake. Lakini kilichonifundisha kitu ni karatasi. Pamoja na filamu, kituo kilikuwa kimetunza hati zilizopigwa taipu ambazo mtangazaji alizisoma kila siku. Filamu nyingi ni bubu. Hati ndiyo inayokuambia huyu ni nani na hapa ni wapi.

Kampala nao wana la kutuonyesha. Kwenye hifadhi ya shirika la utangazaji la Uganda, UBC, zilikutwa negativu za picha zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda. Zilikuwa zimekaa kwenye bahasha zenye maandishi ya nje: tarehe na tukio. Bila bahasha zile ingekuwa rundo la watu wasio na majina.

Tangu hapo, nikienda kituo chochote naulizia karatasi kabla ya mkanda. Mpangilio wa taarifa ya siku ile, hati ya msomaji, daftari la mpiga picha, hata risiti ya mafuta ya gari la waandishi. Karatasi haikufutwa ili irekodiwe mpira.

Mkanda umepatikana: ufanye mwenyewe, duka la mtaani, au fundi?

Tuseme una VHS mkononi. Usiichomeke kwenye deki ya kwanza utakayoikuta. Fungua kifuniko cha mbele cha kaseti, angalia utepe kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa muhogo kwenye kingo, ni kuvu. Deki moja ikila kuvu hiyo itaigawa kwa kila mkanda utakaofuata. Huo upeleke kwa fundi, hakuna mjadala.

Mkanda ukiwa msafi una njia tatu.

Duka la mtaani linalohamisha kanda za harusi ndilo rahisi na la karibu, na niliwahi kulitumia kwa kazi nyingine. Nilirudishiwa diski yenye ukurasa wa mwanzo wa mioyo inayozunguka, picha imevutwa ikawa pana watu wote wamenenepa, na juu ya sauti ya msiba wameweka taarabu. Walidhani wamenifanyia hisani. Ukienda huko, mwambie fundi kwa maneno haya: usikate, usiongeze sauti, usivute picha, acha ilivyo na umbo la nne kwa tatu, nipe faili kwenye flashi yangu. Kisha ukae naye.

Kufanya mwenyewe kunahitaji deki nzima, waya, na kifaa kidogo cha kuingizia video kwenye kompyuta kupitia USB. Deki ndiyo mtihani. Kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo zilizopo ni za mitumba na mipira yake imelegea. Nunua ile ambayo muuzaji anakubali ucheze mkanda wako dukani, lakini ujaribu kwa mkanda usio na thamani. Kama deki ina tundu la S-Video, tumia hilo kwa picha badala ya waya wa njano, rangi zinatulia. Mkanda wa saa moja huhamishwa kwa saa moja, hauharakishwi, na kwa ubora wa kuridhisha faili litakuwa kama GB 4.5. Likitoka hilo la kwanza usiliguse. Linakiliwe, na usafishaji wote ufanyike kwenye nakala. Mikanda ikizidi mitano njia hii inalipa. Kwa mkanda mmoja ni usumbufu tu.

Fundi mwenye mashine za kituo ni ghali, na kwa VHS safi humhitaji. Ila kwa U-matic na Betacam huna njia nyingine, na muda haupo upande wako: Sony iliacha kuuza hata mikanda mitupu ya Betacam mwaka 2016, na hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilishaonya mwaka 2015 kwamba mikanda ambayo haitakuwa imehamishwa kufikia 2025 itakuwa shida kubwa kuokolewa. Unyevu wa pwani hulainisha gundi inayoshikilia unga wa sumaku, mkanda unanata na kulia kwenye mashine. Ukisikia mlio huo zima mara moja. Mafundi huipasha joto dogo kwa saa nyingi kwenye vifaa maalumu. Oveni ya keki nyumbani ni njia ya kuimaliza.

MiniDV ni kesi ya pekee. Ndani yake picha tayari ni ya dijitali, kwa hiyo inatolewa kama ilivyo, bila kupotea kitu, kwa waya wa FireWire kutoka kwenye kamera. Saa moja ni kama GB 13. Mtu akikuambia atakuhamishia MiniDV kwa waya wa njano, chukua kaseti yako uondoke.

Kwa waliotumiwa mikanda kutoka kwa ndugu Marekani au Kanada: kule mfumo wa picha wa runinga ulikuwa NTSC, sisi tulikuwa PAL, na jirani zetu wa Kongo walitumia SECAM. Mkanda ukicheza ukaonyesha picha nyeusi na nyeupe inayobiringika, haujafa. Tafuta deki ya mifumo yote, zile zilizokuja kwa wingi kutoka Dubai.

Haki, kwa ufupi

Kumiliki mkanda hakukupi umiliki wa habari iliyomo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na Kenya ya 2001, na kwa zote habari ya runinga ina mwenyewe. Kwa hiyo VHS ya shangazi haikutuondolea kazi ya kwenda kituoni. Tuliomba kibali cha kuonyesha ukumbini, tukapewa kwa barua, na barua hiyo haisemi chochote kuhusu YouTube, kwa hiyo hatujapandisha. Kuna pia watu waliomo. Mtoto wa sare iliyotoboka begani sasa amekaribia miaka 40. Tulimtafuta, tukamuuliza kwanza. Alicheka, akasema ionyesheni, ila mke wangu asinitanie.

Siku yenyewe

Ukumbini niliiweka ya shangazi kwanza, pamoja na theluji yake yote. Yalipotokea maandishi yenye jina la mama anayehojiwa, bibi mmoja safu ya pili akasimama na kuinyooshea skrini fimbo: "Hilo jina la dada yangu. Huyo ni mimi."

Kituo kilikuwa kimekosea mwaka 1996, na kosa hilo lilikuwa limekaa kwenye mkanda kwa karibu miaka 30. Nilisimamisha picha. Katibu wa kamati akachomoa daftari la mahudhurio, tukairudisha mwanzo, tukaanza kucheza sekunde tano tano, watu wakitaja majina: aliyeshika ndoo, mwenye kofia, fundi wa pampu aliyeonekana mgongo tu. Tulipata majina 11. Niliyaandika upya nyumbani, nikatia karatasi moja ndani ya jalada la kaseti ya shangazi, nyingine nikampelekea yule bwana wa maktaba, akaibandika kwa gundi ya karatasi kwenye MAJI 2.